Walivyoukimbilia Unga Unaoua

Wanangu mlioajiriwa juzi kituoni, nawaona mkipita. Fulana mpya, mikoba mipya, viatu ambavyo bado havijaujua mchanga wa Malindi. Mkifika barazani kwangu mnaniamkia, "Shikamoo, Mjomba Lali," nami naitika marahaba, kisha mkishageuka nawasikia mkinong'onezana kwamba mzee huyu zamani alikuwa moto wa kuotea mbali. Zamani! Nimestaafu kazi, sijastaafu masikio.

Mlinialika Kilifi kwenye semina yenu niwaeleze mambo ya kazi. Mkanipa chupa ya maji, kiti chenye mto, na nafasi ya kuzungumza kabla tu ya chakula cha mchana, harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Binti mmoja akasimama nyuma, akauliza swali la maana kuliko yote: "Mjomba, mtu amemwona mwenzake akifa kwa unga wa muuzaji fulani. Mbona kesho yake anaenda kwa muuzaji yule yule, tena mbio?" Nikafungua mdomo nimjibu, na sahani zikaingia. Binti mwenyewe sikumwona tena. Sasa hapa hakuna pilau, kwa hiyo mtanisikiliza.

Mimi nilianza kama dereva wa kituo. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili na varanda karibu na soko, mahali ambapo mateja, watu waliozama katika unga wa heroini, walikuja kuoga, kuoshwa vidonda, kunywa chai na kugombana. Wakubwa walipogundua kwamba najua kila kichochoro, na mama wa kila teja, wakanifanya mhudumu wa mitaani. Sikusomea chochote. Nilijua kuongea tu, na kuongea kwenyewe ndiko kulikoniponza.

Teja wa kwanza kufa tangu niingie kazi hiyo aliitwa Sadiki, mwendesha bodaboda. Nilikuwa mazikoni kwake, Mungu amrehemu. Watu wamejipanga, kila mtu anangoja zamu yake ya kutupa mchanga kaburini. Mateja wenzake walikuja wote, wamenawa nyuso, wengine wamevaa kanzu za kuazima zilizowaishia magotini. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, msiba umewazindua. Kisha nikamwona mmoja akimsogelea kaka wa marehemu. Akamshika mkono kwa huzuni, akainamisha kichwa, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Mungu ampe kauli thabiti. Kwani alinunua kwa nani?"

Kaka alikuwa analia. Akaja wa pili. "Pole. Shukuru Mungu. Alinunua kwa nani?" Wa tatu alianza na swali, pole ikafuata nyuma.

Mimi nikawaonea huruma. Nikaona, masikini wa Mungu, wanataka kujua sumu iko wapi ili wajiepushe nayo, na mji mzima hakuna wa kuwaambia. Nikaulizia mpaka nikapata jina la muuzaji; basi nitawaambia mimi.

Mkurugenzi wetu alikuwa mama mmoja mpole kutoka bara, akiamini kila ninachosema kwa sababu nilikisema kwa Kiswahili kirefu. Nikamweleza, akakubali papo hapo. Tukakodi pikapu yenye spika, ile ile inayotangaza tanzia na mechi za mpira. Nikapanda nyuma, nikashika kipaza sauti, nikalia nacho: "Tahadhari! Tahadhari! Kuna unga mkali mno mjini, umeshaua mtu. Unauzwa na mtu anayeitwa Kijiko. Jihadharini naye!" Na kwa kuwa sisi watu wa kwetu hatujui kumtaja mtu bila kueleza anapokaa, nikaendelea: "Ukitoka sokoni pita msikitini, shika kichochoro cha mkono wa kushoto, utaona mlango wa kijani wenye pazia la maua. Ndipo hapo. Msiende!"

Nilieleza kama ninayealika watu harusini. Tukazunguka mji, tukavuka mpaka Mambrui. Mkurugenzi akasema twende na Kakuyuni, maana huko nako kuna vijana, na nafsi zao pia ni nafsi. Tukaenda Kakuyuni. Sauti ikanikauka nikawa nabweka.

Alasiri tukirudi, nikamwambia dereva tupite karibu na mlango wa kijani tuone kama kichochoro kimekuwa kitupu. Loo! Foleni ilitoka mlangoni ikaufikia msikiti. Walikuwemo niwajuao na nisiowajua, na wengine vumbi la Kakuyuni liko bado kwenye nyusi. Kijana mmoja akanipungia mkono, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mjomba, ndio hapa?"

Kesho yake Kijiko mwenyewe akaja kituoni na sahani ya halwa iliyofunikwa kwa kitambaa. Akanishika mikono yote miwili. "Mjomba Lali, sijui nikushukuru vipi. Tangu niingie biashara hii sijaona tangazo kama lile." Nilitaka kuirusha ile halwa barabarani. Nilipogeuka, mkurugenzi, asiyejua mgeni ni nani, alikuwa ameshaanza kuila, anamsifu mkewe Kijiko kwa iliki.

Sasa, aliyenitoa ujinga huo ni Sista Kache, muuguzi wetu. Hakuwepo siku zile. Alikuwa likizo kwao Kakuyuni, ameinama shambani anapanda mahindi, pikapu ikapita ikimtangazia mlango wa kijani. Aliporudi kazini hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinitazama tu, kama anavyotazama kidonda kabla ya kukiosha.

"Lali, wale watu mazikoni waliuliza alinunua kwa nani."

"Ndiyo, Sista."

"Uliwauliza kwa nini wanauliza?"

"La. Nilijua."

"Haya. Vaa viatu twende ukaulize."

Maskani ya mateja ilikuwa hoteli moja iliyofungwa tangu watalii walipopungua. Hawakukaa vyumbani, vyumba vilikuwa na popo. Walikaa ndani ya bwawa la kuogelea. Bwawa kavu, vigae vya buluu, ngazi ya chuma imesimama vile vile. Wageni wa unga walikaa upande wa watoto, kule maji yalikokuwa yakifika magotini; wakongwe walikaa upande wa kina kirefu, chini ya ubao wa kurukia. Na wana adabu zao: mgeni hashuki kwa wakongwe mpaka aitwe. Sista Kache akasimama ukingoni, akabisha, "Hodi!"

"Karibu, Sista! Vueni viatu, tumefagia."

Aliyeitika ni Mbwana, na huyu mkumbukeni, maana ninayosimulia kuanzia hapa ni yake. Mbwana ni mtoto wa Bi Zena, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta; nimempakata akiwa na nepi. Alikuwa mpishi katika hoteli ile ile, akiwapikia Wataliano, akajifunza Kitaliano cha jikoni, ambacho nusu yake ni matusi. Hoteli ilipofungwa alibakiwa na vitu viwili: unga aliokuwa ameuzoea kwa siri, na ulimi wa mpishi. Hakuna kitu alichoingiza mwilini asikitolee hukumu.

Sista akakaa kwenye vigae, akanyoosha miguu. "Mbwana, Sadiki amekufa. Nyinyi mkaufuata unga ule ule. Mnataka kufa?"

Mbwana akacheka mpaka akakohoa. "Nani anataka kufa, Sista? Mimi nina mama. Hebu nikuulize. Ukienda kununua maziwa, unajuaje hayajatiwa maji?"

"Nayachemsha. Naangalia utando."

"Basi sisi utando wetu ndio Sadiki."

Mbwana akaendelea kwa mikono, kama anayefundisha wapishi wadogo. "Tunauziwa panadoli zilizosagwa. Tunauziwa chokaa, unga wa muhogo, Mungu ndiye ajuaye nini. Hauna muhuri, hauna tarehe, na huwezi kwenda kwa chifu ukalalamika kwamba umepunjwa heroini. Utajuaje leo wa kweli umeingia? Mtu akianguka. Hakuna njia nyingine."

"Na wewe huogopi kuanguka?" nikamuuliza.

"Sadiki alikuwa mgeni, Mjomba. Hakujua kipimo. Mimi mzoefu."

Nikatazama upande wa kina kirefu, wote wanatikisa vichwa kwamba na wao ni wazoefu. Nikageuka upande wa watoto. Na wao vile vile, hata yule aliyeanza mwezi ule. Bwawa zima halikuwa na mtu mmoja aliyejihesabu kuwa anaweza kufa.

Kisha Mbwana akaacha mzaha. Akasogea karibu yangu, wenzake wasisikie. "Mjomba, zamani kete moja ilinipeleka mbinguni. Sasa kete ile ile inaniondolea arosto tu, nipate kusimama nikojoe." Kete ni kipakiti cha unga, na arosto, wanangu, ndiyo mwili kudai unga wake: tumbo kuhara, kamasi kumiminika, mifupa kuuma kwa ndani kusikokunika. "Mwili umezoea, unataka zaidi, na unga wenyewe ni chokaa. Lakini nikiupata ule mkali, kwa muda mchache nakuwa mtu asiyeumwa popote. Wewe jino likikuuma usiku kucha, ukaambiwa hapa kuna dawa hafifu na kule kuna kali ila imemuua mtu, utakwenda wapi?"

Nami jino lilikuwa likiniuma wiki ile ile. Nilijua ningekwenda wapi.

Hilo ndilo jibu lako, binti wa Kilifi, popote ulipo. Hawafuati kifo. Wanafuata dawa isiyowadanganya, na sokoni kwao kifo ndicho cheti pekee cha ubora. Tangu siku ile sikumuuliza teja tena kama ana akili. Akili anayo, tena inafanya kazi usiku na mchana, ila bosi wake ni arosto.

Wauzaji nao walikuwa wamelijua jambo hili muda mrefu kabla yetu. Kulikuwa na mmoja upande wa pili wa mji ambaye unga wake haukuwahi kumwangusha mtu. Sifa njema hiyo, au siyo? Biashara ilimfia. Wateja wakipita mbele yake wanacheka. Basi akamwajiri Ngumbao.

Ngumbao alikuwa kijana wa Junju, mrefu, mwembamba, amezaliwa na sura ya maiti. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Asubuhi anaanguka sokoni, adhuhuri stendi, na povu analo la sabuni. Watu wakikusanyika, mwenzake mmoja anapiga ukemi, "Jamani, kachukua kwa fulani! Nilimwambia ule mkali asizidishe!" Siku mbili tu, muuzaji yule akawa na foleni.

Mimi sikujua. Nilimkuta stendi amelala chali, macho yamegeuka, nikatoa sindano ya dawa ya kuzindua, nikapiga magoti, nikatafuta paja. Maiti ikafungua jicho moja.

"Mjomba, tafadhali usinidunge," ikaninong'oneza. "Niko kazini."

Baadaye Sista Kache akanifundisha kutofautisha, nanyi shikeni hapa, maana hapa hakuna mzaha. Aliyezidiwa na unga kweli hupumua kwa mbali mbali, au hapumui. Midomo na kucha hugeuka rangi. Mboni za macho huwa ndogo mno. Muite kwa jina. Asipoitika, msugue kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Nilimsugua Ngumbao safari iliyofuata, akaanza kucheka, akatekenyeka mpaka akajiviringisha chini ya gari la Mombasa. Watazamaji wakakasirika, wakasema wametapeliwa, na muuzaji yule akamfuta kazi Ngumbao siku hiyo hiyo.

Kabla ya sindano tulikuwa na madawa yetu, msinicheke. Mtu akianguka tulimmwagia maziwa baridi. Tulimpaka kitunguu puani. Tulimpiga makofi, tukamkimbiza mtoni kama mbuzi wa kuogeshwa. Sista Kache alitukuta siku moja tumemlowesha mtu maziwa kuanzia utosini, akauliza, "Mnamzindua au mnampika?" Akatusukuma sote, akamlaza chali, akainua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni, akangoja, akapulizia tena. Mtu akarudi. Tangu hapo maziwa tukayanywa wenyewe.

Sasa narudi kwa Mbwana. Alikamatwa kwa wizi wa mtungi wa gesi, akafungwa. Huko jela hakupata unga, au alipata kidogo mno, na arosto ikampiga mpaka ikachoka. Alipotoka, wanangu, hamkumwona! Mashavu yamejaa, shati linambana. Bi Zena akachinja jogoo, akapitapita milango yote ya mtaa akisema, "Mwanangu amerudi, mwanangu amerudi," hata kwa watu waliokuwa wamekaa na mwanawe mezani. Mbwana akaweka karai mbele ya nyumba, akawa anakaanga viazi na kuuza. Wallahi viazi vile. Watu walitoka mtaa wa pili kuvifuata, na yeye akawatolea hukumu: "Wewe huna meno, chukua laini. Wewe subiri mafuta yapate moto, usinifanye nione aibu."

Mimi nilikuwa ninatembea kwa maringo kama nimemzaa mimi. Sista Kache hakufurahi.

"Huyu sasa ndiye ninayemwogopa kuliko wote," akaniambia.

"Sista, una kijicho! Mtu amepona."

"Lali, mwili wake umesahau. Kichwa hakijasahau. Siku akirudi, atapima kwa kipimo cha zamani, cha Mbwana wa kina kirefu. Na mwili alionao sasa ni wa upande wa watoto."

Tulimwendea pamoja. Tukamsihi aanze ile dawa ya kunywa kila asubuhi kliniki, inayoshika mwili usidai. Akatukatalia kwa uungwana, akatufungia na viazi. "Hiyo ni ya wagonjwa, Mjomba. Mimi nimemaliza mambo hayo." Bi Zena akasimama mlangoni, akatuuliza kwa nini tunamkumbusha mwanawe mabaya. Nikaona haya, nikala viazi, nikaondoka.

Haikupita muda habari zikaja kwamba Junju kumeingia unga mpya, umewaangusha watu. Kituoni tukafahamu papo hapo, maana chai ilibaki birikani. Hakukuwa na wa kuinywa. Mateja wa Malindi walikuwa wamepanda magari kwenda Junju, wengine wakitutumia salamu kwamba watarudi.

Mimi nikapata wazo. Nikasema kama ukweli uliwapeleka kwa Kijiko, basi safari hii tuseme uongo. Mkurugenzi akakubali, kama kawaida yake. Pikapu ile ile, spika zile zile: "Wananchi wapendwa! Unga wa Junju ni feki! Ni chokaa tupu ya kupaka ukuta! Msipoteze nauli!"

Nikashuka nimejipongeza. Pale pale kando ya gari mateja wawili walikuwa wanajadiliana. "Mjomba Lali wa kituo anasema ni feki," alisema wa kwanza. Wa pili akatafakari. "Kituo tangu lini kikajali tukitapeliwa? Wanatuficha. Huo ni mkali kwelikweli." Wakaondoka wakikimbia, kandambili mkononi.

Nilikaa kwenye bampa ya pikapu nikashika kichwa. Hapo ndipo Sista Kache aliponieleza jambo ambalo nyinyi mmelikuta limeshaandikwa ukutani kwa rangi: acha kutangaza, kaa nao. Waambie asitumie mtu peke yake. Aonje kidogo kwanza, asimalizie mara moja. Na dawa ya kuzindua iwe mfukoni mwako, sio kabatini ofisini ambako mwenye ufunguo amekwenda Kilifi.

Hata hatujamaliza maneno hayo, Bi Zena akaja mbio, leso imemwanguka mabegani, mwiko wa matundu mkononi.

"Lali, viazi vinaungua!"

"Vitoe, Bi Zena."

"Nimevitoa! Mbwana hayupo. Ameacha viazi ndani ya mafuta, Lali. Mwanangu!"

Mimi na Sista tulitazamana. Mbwana aliwahi kukamatwa na polisi akiwa jikoni na akawaomba wangoje mchuzi uive. Mpishi yule kuacha karai motoni, jambo lilikuwa limeshatokea. Tukakimbia. Sista Kache ana mwili, lakini siku ile alinipita, na Bi Zena akatupita sote wawili.

Tulimkuta upande wa kina kirefu, chini ya ubao. Kumbe mtu aliyerudi kutoka Junju alimpitishia unga pale karaini, naye akashuka mahali pake pa zamani, akapima kipimo chake cha zamani. Midomo zambarau. Wenzake walikuwa wamemzunguka, mmoja anampepea kwa sahani, mwingine anamsomea dua, wa tatu ameleta maziwa. Sista akaruka ndani ya bwawa bila kubisha hodi wala kuvua viatu. Akainua kidevu, akaanza kupulizia. Mimi nikatafuta paja, nikadunga juu ya suruali.

Tukangoja. Sista anapulizia, anasikiliza, anapulizia. Bi Zena amesimama ukingoni juu yetu, ameng'ang'ania mwiko wake. Nilimuomba Mungu kwa sauti, mbele ya watu, bila haya. Nilimwambia Mungu mtoto huyu nimempakata.

Mbwana akavuta pumzi moja ndefu yenye kelele. Akafungua macho. Akanitukana Kitaliano, kisha, kwa faida ya Sista, akarudia kwa Kiswahili.

Na mateja wale, badala ya kushukuru, wakamsogelea taratibu, macho yamewatoka, kama wanaompokea mtu aliyerudi hija. Mmoja akapiga goti.

"Mbwana, ndugu yetu. Ni wa Junju, siyo?"

"Alikuuzia nani hasa?"

"Amebakisha?"

Mbwana akawatazama mmoja mmoja. Akanitazama mimi. Akageuza shingo akamwona mama yake kule juu.

"Chokaa," akasema.

"Chokaa gani? Umekufa hapa, tumekuona!"

"Nimeanguka kwa njaa. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi."

"Na midomo ile ya zambarau?"

"Nimekula zambarau."

"Si umesema hujala kitu!"

"Zambarau si chakula!" Mbwana akafoka. "Nani mpishi hapa, mimi au wewe? Nimeuonja, nawaambia ni chokaa, tena ya bei ya chini. Huyo wa Junju ni mwizi."

Wakaguna. Mimi na spika zangu hawakuniamini. Mbwana na ulimi wake walimwamini. Mmoja alikuwa ameshaitoa kete yake mwenyewe ya Junju, akaitazama kwa uchungu, akaitupa. Wakapanda ngazi ya chuma mmoja baada ya mwingine, wakimlaani muuzaji wa Junju na nauli zao, na yule wa maziwa akayanywa.

Nililia kwa furaha, siwafichi. Nikamkumbatia Mbwana, nikamwambia leo umeokoa watu. Sista Kache hakumkumbatia. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa Mbwana, uliofumbwa.

"Mbwana. Unayo nyingine?"

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka, kamasi zinashuka, miguu inachezacheza. Dawa ya kuzindua humrudishia mtu arosto yote kwa mpigo, jueni hilo, ndiyo maana wanatutukana. Na dawa yenyewe huisha mwilini mapema kuliko unga. Angejidunga tena saa ile, angezama, na sindano nyingine sikuwa nayo.

"Fungua mkono," nikamwambia.

"Sifungui."

"Mama yako anakuona."

Akainua macho. Bi Zena alikuwa ameketi ukingoni sasa, miguu inaning'inia ndani ya bwawa, anamtazama mwanawe. Mbwana akaninyooshea ile ngumi.

"Mjomba, nataka kukupa," akasema. "Wallahi nataka kukupa. Mkono ndio haufunguki. Nifungue wewe."

Nikapiga magoti kwenye vigae, nikaanza na kidole gumba. Nikifungua hiki, kile kinarudi. Sista akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili. Vidole vilikuwa na nguvu, sijapata kuona, na mtu mwenyewe dakika chache nyuma alikuwa maiti. Kisha Mbwana akaleta mkono wake wa kushoto, akawa anatusaidia, anavivuta vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja, anavuta kwa nguvu zake zote, huku anatutukana, anamwambia mama yake atazame, sisi ni wezi, tunamwibia mchana kweupe. Kidole cha mwisho kilipoachia, kete ikadondoka kwenye vigae, na aliyeikanyaga akaisaga kwa kisigino ni yeye, analia, bado anatuita wezi.